Tone la Jumatatu

Pacha namba thelathini na moja alikuwa amelala vizuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nimtazame mara ya pili.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mvua ya Tukuyu ikipiga juu ya bati la Kituo. Kwenye rafu zangu nilikuwa na mapacha arobaini na sita, kila mmoja ndani ya kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kila kioo kina seli elfu moja za saratani, zilizokuzwa kutoka kwenye uvimbe ambao mwanamke fulani alitolewa kwenye titi. Mwanamke yuko kwake, anachuma chai au anapika. Pacha wake yuko kwangu. Kila Jumatatu mwanamke anachomwa kidole, tone la damu yake linaletwa, nami ninamnywesha pacha. Kama kuna seli zilizojificha mwilini mwake, kile ambacho damu hiyo ingezifanyia, inazifanyia hizi za kwenye kioo, mbele ya macho yangu.

Nina tabia ya kuziamkia. Watu hunishinda, lakini na seli naongea vizuri tu.

"Umeamkaje, thelathini na moja?" nilisema, nikaweka jicho kwenye darubini.

Seli elfu moja. Hakuna hata moja iliyokuwa inajigawa. Kwenye skrini, estrojeni ya tone la juzi ilisomeka nne. Wiki iliyotangulia, nne. Nikajiambia Mungu ni mwema. Halafu nikaona, kwenye kona ya chini ambayo hakuna mtu anayeisoma, kundi la damu: B.

Namba thelathini na moja ni Mwalimu Tusekile Mwakibete. Alinifundisha hisabati kidato cha tatu na cha nne. Siku moja nilimchangia damu, na ninajua kundi lake kama ninavyojua langu. Ni O.

Nilirudi nyuma kwenye kumbukumbu, ukurasa baada ya ukurasa. B, B, B. Wiki kumi na tisa za damu ya mtu mwingine.

Na tone la Jumatatu si la kumnywesha pacha tu. Namba zake zinakwenda kwenye mtambo, na mtambo unakiambia kidani cha mgonjwa la kufanya. Kidani ni kifaa kidogo kama mbegu ya boga, kimepandikizwa chini ya mtulinga. Ndani kina dawa ya kuzinyamazisha ovari, na popote pengine mwilini panapotengenezwa estrojeni. Homoni zikipanda, kidani kinafunga: kinabana na kumwaga dawa zaidi. Zikishuka mno, mtambo unahofia mifupa ya mgonjwa isije ikavunjika kama kaki, kwa hiyo unalegeza kidogo, dawa inapungua.

Kwa wiki kumi na tisa mtambo ulikuwa umesoma damu ya mtu asiye na homoni, na kila Jumatatu ulikuwa umelegeza. Kidani cha Mwalimu kilikuwa wazi kama geti la shule saa ya kwenda nyumbani.

*

Kanuni inasema mgonjwa achomwe kidole mbele ya mhudumu wa afya wa kata. Lakini mhudumu wa kata yao ni Lugano, naye pia alifundishwa na Mwalimu Tusekile, kama nusu ya wilaya hii. Hakuna mtu Tukuyu atakayempanga foleni mwalimu wake wa hisabati na kumkagua kidole. Lugano alikuwa anamwachia kikaratasi cha damu nyumbani, anakipitia Jumatatu asubuhi, anasema asante Mwalimu, anaondoka.

Alhamisi alasiri nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta mama yake, Bibi Ambwene, barazani akimenya maharage mabichi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe si yule wa hospitali? Mbona umekonda hivyo, huko hawapiki?" Alinisogezea kigoda. "Haya niambie. Sukari yangu inaendeleaje?"

"Sukari gani, Bibi?"

"Si mnaipima? Tusekile ananichoma kidole kila Jumatatu asubuhi, kabla ya uji. Anasema majibu ni mazuri." Alinionyesha kidole, kimejaa vitundu vidogo. "Nami nimeacha kabisa kuweka sukari kwenye chai, kwa kuwaogopa nyinyi."

Nikachukua ganda la maharage nikaanza kumenya.

Mwalimu alirudi saa kumi, mwavuli mkononi, chaki kwenye pindo la kitenge. Aliponiona nimekaa pale na mama yake, alisimama. Hakuuliza nimefuata nini.

"Mama," alisema taratibu, "naomba utuchemshie chai."

"Isiyo na sukari?"

"Weka sukari leo, Mama. Sukari yako iko sawa. Ilikuwa sawa muda wote."

Bibi alipoingia jikoni, Mwalimu alikaa mahali pake na kuweka bakuli la maharage mapajani. Aliliweka mbali kidogo na tumbo. Hapo ndipo nilipoona.

"Wiki ngapi?" niliuliza.

"Kumi na nne."

"Mwalimu."

"Usinitazame hivyo, Subilaga. Niliomba kwa njia yenu. Mara tatu nimeandika barua Baraza la Kanda, naomba kidani kilegezwe nipate mtoto mmoja. Mara tatu wamejibu mgonjwa asubiri miaka mitatu. Ya kwanza nilikuwa na thelathini na tatu. Sasa nina thelathini na sita, na bado nasubiri miaka mitatu. Hiyo hesabu hata mtoto wa darasa la pili angeikataa." Alikuwa anamenya haraka, maganda yanaruka. "Basi nikasoma jinsi mtambo unavyofanya kazi. Ni mlinganyo tu. Ukiuwekea namba ndogo, unatoa jibu kubwa. Nikatafuta mtu mwenye namba ndogo. Anaishi nami nyumba moja."

"Na mumeo anajua?"

"Anajua. Usiku anacheka na tumbo, asubuhi anakwenda bafuni kulia na kufungulia bomba nisimsikie." Akaacha kumenya. "Niambie ukweli. Ukipeleka tone langu la kweli, nini kitatokea?"

Alikuwa anajua. Alitaka tu nimwambie mimi.

"Kidani hakijui mimba," nilisema. "Kinajua namba tu. Kitaona estrojeni imepanda kuliko siku zote. Kitafunga ndani ya saa moja, kwa nguvu yote kiliyonayo. Kitazima hata homoni za kondo, zinazoishikilia mimba. Haitakaa."

"Na nisipoleta tone?"

"Kikikosa tone hadi Jumatatu saa nane mchana, kinafunga vilevile. Kilitengenezwa hivyo kwa ajili ya wanaosahau."

"Kwa hiyo lazima liwe la Mama tena." Alinishika mkono. Mkono wa Mwalimu, ule uliowahi kunisahihishia daftari na kuandika pembeni *usiogope kukosea*. "Wiki kumi na nne nyingine tu, Subi. Afike mahali anapoweza kuishi kwenye chupa ya joto ya watoto njiti. Basi. Halafu nifungeni hata kwa minyororo."

"Lakini Mwalimu, hatujui seli zinafanya nini. Pacha wako amekunywa damu ya Bibi wakati wote huu. Analala kwa sababu Bibi ni mzee. Wewe mwenyewe hakuna anayekujua."

Ndani tulisikia Bibi akipekua kopo la sukari.

"Basi nijue wewe," alisema Mwalimu. Alichukua sindano ya kushonea kwenye pindo la kitenge chake, akaipitisha kwenye moto wa kiberiti, akajichoma kidole.

*

Kwenye jokofu la barafu tunatunza mbegu ya kila pacha. Ijumaa asubuhi nilifungua ya thelathini na moja, nikaotesha pacha wa pili na kumficha nyuma ya maboksi ya glavu, bila kumuunganisha na mtambo. Nikamnywesha damu halisi ya Mwalimu.

Nataka nieleze nilichokuwa nakisubiri.

Estrojeni haigongi mlango. Ni molekuli ndogo, ya jamii ya mafuta, inapita ukuta wa seli kama moshi unavyopita kwenye paa la nyasi. Ndani inakuta kipokezi kinachoisubiri. Vikishikana, vinakaa juu ya DNA katika kiini cha seli na kuwasha maagizo yaliyokuwa yamezimwa: kula, kua, jigawe. Kwa msichana, maagizo hayo ndiyo yanayojenga titi. Kwa mjamzito ndiyo yanayoliandaa kwa maziwa, na kwake homoni zinapanda mara nyingi kuliko siku za kawaida. Seli ya saratani haikubuni agizo jipya. Inasikia lilelile la kale, la kulea, ila imesahau mahali pa kuacha. Hilo ndilo lililoniliza siku ya kwanza chuoni, na wenzangu wakanicheka: kwamba kinachomuua mwanamke kinatumia neno lilelile linalomlisha mtoto.

Ijumaa jioni: seli elfu moja. Zimelala.

Jumamosi: elfu moja. Nilikula ndizi na nyama kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nikawa najiona nikikimbia hadi kwake, nikipiga kelele barabarani, mimi ambaye hata kanisani naimba kwa midomo tu.

Jumapili baada ya ibada: elfu moja na kumi na moja.

Nilihesabu tena. Kwenye kona ya kushoto seli moja ilikuwa imevimba, ikajikunja katikati kama mtu anayefunga mkanda, ikawa mbili. Niliitazama ikifanya hivyo. Ilichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai.

Jumatatu saa tatu asubuhi: elfu moja na arobaini na sita.

"Hiyo ni ya nani?"

Daktari Anyosisye alikuwa amesimama nyuma yangu, koti limelowa mabegani. Boksi la glavu nilikuwa nimelisahau mezani.

Sikuweza kumdanganya. Mimi nikidanganya shingo inaniwasha. Nilimweleza yote nikiwa nimeinamia sakafu, na alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha alivuta kiti akakaa, akaweka jicho lake kwenye darubini kwa muda mrefu.

"Kioo si mwili," alisema mwishoni. "Huenda tuliutoa uvimbe wote miaka minne iliyopita. Huenda mwilini mwake hakuna hata seli moja ya kuisikia homoni hiyo."

"Na huenda zipo."

"Na huenda zipo." Alijisugua macho. "Kabla hujaja hapa tulikuwa na dada mmoja kutoka Busokelo. Aliomba likizo ya kidani, nikamsainia. Mimi, kwa mkono huu. Alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Mtoto alipokuwa anaanza kutambaa tulimzika mama yake. Ndiyo maana Baraza halisaini tena. Barua yangu ndiyo iliyowaambia wasisaini."

Mvua ilikuwa imeacha. Nje walinzi walikuwa wanabishana juu ya nani amemwaga chai kwenye kitabu cha wageni.

"Tone lake la kweli bado unalo?" aliuliza.

"Limebaki nusu."

"Liweke kwenye mtambo."

Niliinua uso.

"Sikulazimishi, binti. Nakuambia ninavyoona. Kazi yako ni kuweka tone la namba thelathini na moja kwenye kitundu cha thelathini na moja kabla ya saa nane. Basi. Ukiweka la mama yake, sasa unajua unachofanya, na siku akifa utakuwa umesaini kama mimi. Ukiweka la kwake, ni mtambo uliofanya, si wewe. Atakuchukia. Lakini atakuwepo wa kukuchukia."

Alitoka. Aliacha mlango wazi, sijui kwa makusudi au kwa uchovu.

Nilichukua kichupa kwenye jokofu. Kilikuwa chepesi, hakina uzito wa chochote. Kitundu cha thelathini na moja kilikuwa mbele yangu, taa yake ya kijani ikisubiri. Nilifikiria mkono wake ukinisahihishia daftari. Nilifikiria mtoto wa Busokelo, sasa atakuwa darasa la pili, anaitwa na nani jioni aje kula? Nikakisogeza kichupa hadi kikagusa ukingo wa kitundu. Kidole kimoja tu, na Mwalimu angeishi. Na saa hiyohiyo, akiwa amesimama mbele ya darasa na chaki mkononi, angehisi maumivu ya kwanza, asijue yametoka wapi, wala nani.

Hapo ndipo niliposhindwa. Sikushindwa na maumivu. Nilishindwa na kule kutojua.

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano. Nikavaa koti.

*

Nilimpata kwenye mapumziko, darasani, amekaa peke yake anasahihisha. Ubaoni kulikuwa na mchoro wa duara na swali ambalo hakuna aliyelimaliza.

Njiani nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema. Nilikuwa nimepanga sentensi saba. Nilipofika zote zikanitoka, nikaweka karatasi mbele yake kama mwanafunzi anayekusanya mtihani.

*Ijumaa 1000. Jumamosi 1000. Jumapili 1011. Jumatatu 1046.*

Aliisoma. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika tofauti pembeni mwa kila namba: sifuri, kumi na moja, thelathini na tano. Aliendelea chini, mstari baada ya mstari, akikisia wiki ijayo, na inayofuata. Mahali fulani kalamu iliacha kwenda.

"Zimeamka," alisema.

"Za kwenye kioo, ndiyo."

"Za kwangu?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Daktari hajui."

"Kwa hiyo anajua na yeye." Aliweka kalamu chini. "Tone langu. Umeshaliweka?"

Nilitoa kichupa mfukoni nikakiweka juu ya karatasi.

Alikitazama, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona Mwalimu Tusekile ameogopa. "Ungeweza kuliweka. Mimi ningefikiri ni bahati mbaya tu, mimba imetoka. Ningekuja kulia kwako."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuliweka?"

Shingo haikuniwasha. "Kwa sababu kidole si changu, Mwalimu."

Nje watoto walikuwa wanacheza rede, mpira unagonga ukuta. Mwalimu aliweka mikono yake miwili tumboni, waziwazi, bila kuficha tena.

"Kabla ya vidani walikuwa wanawatibuje wajawazito?"

"Kwa dripu. Zile dawa za zamani, za kunyonyoa nywele. Hazigusi homoni, zinafuata seli yoyote inayojigawa. Tulisoma chuoni kwamba baada ya miezi mitatu ya kwanza mama aliweza kupewa na mtoto akakaa. Si wote. Na mama pia, si wote."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Nilifikiria. "Kwa sababu kidani kinafanya kila kitu. Hakuna anayeulizwa tena."

Alicheka kidogo, cheko kavu. Akasimama, akafuta ubao wote isipokuwa lile swali ambalo halikumalizwa. "Saa ngapi sasa?"

"Saa sita kasoro."

"Twende. Na utembee mbele yangu, Subilaga, leo ni wewe utakayeongea na huyo daktari. Mimi nikianza nitamtukana."

*

Niliongea. Sauti yangu ilikuwa inakatika na mara mbili Daktari aliniambia nirudie, lakini niliongea. Nilisema Mwalimu anatoa tone lake la kweli, kwa jina lake, mbele ya mashahidi wawili. Nilisema anaomba jambo moja kwanza.

"Kitoe," alisema Mwalimu mwenyewe, akishusha kola ya blauzi hadi kwenye mtulinga. "Halafu chukua damu yote unayotaka."

Daktari alibaki amesimama. "Unajua ninachokiogopa?"

"Subilaga ameniambia. Dada wa Busokelo. Pole sana, Daktari. Lakini mimi si yeye, na wewe hukumuua. Yeye aliachwa peke yake na likizo. Mimi nakuomba usiniache. Nitakaa kwenye dripu hadi nibaki na kipara kama cha mume wangu. Seli zikinishinda, utakuja msibani ukiwa unajua ulinitibu. Ila usinitibu nikiwa sijui."

Daktari alinawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu. "Binti," aliniambia, "lete ganzi."

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini alipokitoa. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka, kimezungukwa na damu kidogo. Alikiweka kwenye bakuli la chuma pembeni mwa kitanda, akaanza kushona.

Nilimchoma Mwalimu kidole. Nilipeleka tone hadi kwenye rafu, nikaliweka kwenye kitundu cha thelathini na moja. Taa ilifikiri. Kisha ikawa nyekundu, nyekundu ambayo sijawahi kuiona kwa mgonjwa yeyote, na mtambo, bila kumuuliza mtu, ukatuma amri yake.

Nilirudi mbio. Mwalimu alikuwa amelala, mkono mmoja umeshikwa na Daktari, mwingine uko tumboni. Wote watatu tulisikia: ndani ya bakuli la chuma, kidani kilitikisika, kikatoa mlio mwembamba, na kikafunga kwa nguvu yote kiliyokuwa nayo. Tone la dawa lilitoka likatambaa kwenye chuma, likakauka.

Mwalimu aliliangalia hadi likaisha.

"Alhamisi dripu ya kwanza," alisema Daktari. "Saa mbili kamili. Usichelewe."

"Mimi huwa sichelewi," alisema Mwalimu. "Muulize huyu."